Gari imetoka bandarini: oili gani uweke na filta gani ununue

Gari ikishatoka bandarini watu wengi wanakimbilia bima na tinti, halafu wanatamba nayo mtaani mwezi mzima na oili ambayo hata hawajui iliwekwa lini. "Gari mpya" ya kwetu tunaijua, ni mtumba wa Japani wa miaka kumi na kitu, imekaa yadi, imekaa melini, imekaa bandarini inasubiri ushuru, na oili ya humo ndani imekaa nayo kote huko. Kwa hiyo kabla hujaanza kuulizia rimu, mwaga oili kwanza. Hata kama kwenye dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) inaonekana safi kama asali. Mimi nitatumia mfano wa Toyota IST kwa sababu ndio ninayoendesha na mjini zimejaa, ila utaratibu ni ule ule kwa Vitz, Raum, Spacio na ndugu zake wengine.

Sasa kosa kubwa ni kwenda gereji na kumwambia fundi "niwekee oili nzuri". Fundi ana oili yake ya moyoni, mara nyingi 20W-50, na ataiweka kwenye gari yako, ya jirani yako na daladala iliyopaki pembeni. Usimuulize fundi, iulize gari yenyewe. Fungua boneti, angalia mfuniko wa kujazia oili, gari nyingi zimeandikwa pale pale juu, 5W-30 au 0W-20. Kama mfuniko umefutika au umebadilishwa (inatokea), toa kile kitabu cha kwenye dashibodi, usiogope Kijapani chake, namba hazina lugha, pekua kurasa za nyuma nyuma hadi uone jedwali lenye 5W-30 na lita. Na ukifungua mlango wa dereva au boneti angalia kama kuna kistika cha sevisi ya Japani, huwa wanaandika tarehe na kilometa za kubadilisha oili. Hicho kistika kina faida nyingine, maana kama kimeandikwa kilometa 92,000 na dashibodi yako inasoma 61,000, basi ndugu yangu umeshajua ulichouziwa.

Hizo namba maana yake ni hii. Ile ya mbele yenye W ni tabia ya oili ikiwa ya baridi, ikiwa ndogo ina maana oili inakimbia haraka kupanda juu ukiwasha asubuhi. Ile ya nyuma, 20 au 30 au 50, ni uzito wake ikishachemka kufika nyuzi 100. Injini inaumia zaidi pale unapowasha, zile sekunde chache kabla oili haijafika kila mahali, kwa hiyo oili ya kukimbia haraka sio "maji" kama watu wanavyosema. Halafu hizi injini za VVT-i zinatumia presha ya oili hiyo hiyo kugeuza muda wa vali, oili inapita kwenye vitundu vidogo mno na kuna kichujio kidogo cha wavu, ukiweka uji humo unajitafutia kazi.

Najua utaambiwa "hiyo nyepesi ni ya Wajapani kwenye barafu, Dar joto". Hoja ina ukweli nusu. Injini ikishapata moto temostati ndiyo inashikilia joto lake, iwe Mbagala au Sapporo, ndani humo hakuna tofauti kubwa kama tunavyofikiri. Ila pia nisiwe muongo, vitabu vya Toyota vya nchi za joto kwa injini za zamani kama 1NZ, ambayo ndiyo ya IST nyingi, vina jedwali linaloruhusu oili nzito, kwa hiyo 20W-50 haitaiua IST yako kesho. Mimi yangu naweka 5W-30, na kama ingekuwa imeshazeeka inakula oili kati ya sevisi na sevisi ningepanda 10W-30 au 10W-40, basi, sio zaidi. Ila zile zilizoandikwa 0W-20, haibridi na hizi mpya mpya, hapo usicheze, ukikosa 0W-20 kabisa weka 5W-30 ukiwa njiani kutafuta 0W-20.

Ukishajua uzito, geuza galoni usome nyuma. Tafuta neno API (alama ya daraja la ubora wa oili) na herufi mbili. Kwa petroli zinaanza na S, na herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi, SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. IST haihitaji makuu, SN inatosha kabisa, SP ni bora zaidi. Unachotakiwa kukikimbia ni SF, ambayo ni ya injini za 1988 kurudi nyuma na bado ipo madukani, galoni ina rangi nzuri, picha ya gari ya mashindano, bei ya kuvutia. Mineral (ya kawaida), semi (mchanganyiko) au sintetiki kamili ni suala la mfuko wako, kwa 5W-30 nyingi utakuta semi au sintetiki tu.

Wenye dizeli za kisasa, hasa Mazda CX-5 ya dizeli, nyie mna darasa lenu. Ile ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na inataka oili iliyoandikwa DL-1, ukiweka oili ya lori ile kichujio inaziba na utaijua bei yake. Na dipstiki yake ina alama ya X juu ya F (alama ya kujaa), oili ikipanda hadi pale usifurahi kwamba gari haili oili, ni dizeli imeingia humo, mwaga. BMW, Benz na Volkswagen nao wana namba zao za kampuni kwenye kitabu, fuata hizo neno kwa neno.

Haya, filta. Hapa ndipo nilipoumia. Sevisi yangu ya pili nilinunua filta kwenye duka moja hapa mjini, boksi limenyooka, maandishi yapo, bei nusu. Baada ya wiki kila asubuhi nikiwasha gari inagonga kwa mbele krrrr sekunde tatu nne halafu inatulia. Nikadhani cheni ya injini. Fundi mmoja mzee akaniambia kijana hebu kwanza toa hiyo filta, tukaikata na msumeno wa chuma pale pale kwenye meza ya vaisi. Ndani karatasi ilikuwa na mikunjo michache ungeweza kuihesabu, upande mmoja gundi haijashika kabisa, oili ilikuwa inapita pembeni bila kuchujwa, na ile raba ya ndani inayozuia oili isirudi chini ukizima gari ilikuwa ngumu kama kifuniko cha soda. Ndio maana usiku filta inajimwaga yote na asubuhi injini inaanza kavu. Akakata na ya orijino ya zamani aliyokuwa nayo kunionyesha, mikunjo imebanana, raba laini inarudi ukiibonyeza. Nikaweka nzuri, kugonga kukaisha.

Kwa hiyo filta nunua kwa namba, usinunue kwa "ya IST ipo?". Injini za 1NZ na 2NZ zinakubali 90915-YZZE1. Corolla na Prius zenye injini ya 2ZR hazina filta ya kopo, zina karatasi tupu inayoingia kwenye kikombe, 04152-YZZA6, na hiyo inakuja na oringi yake mpya, hakikisha fundi anaibadilisha na anatumia kifungulio chake, sio patasi na nyundo. Dukani chungulia kwenye kile kitundu cha kati cha kopo, utaona raba pembeni yake, ibonyeze kwa kijiti. Ikiwa ngumu, rudisha. Muuzaji akinuna mwache anune. Kama hutaki orijino, kampuni zinazoeleweka kama Denso au Bosch zinatosha.

Ea klina wewe angalia macho tu, itoe uielekeze kwenye jua, kama mwanga haupiti badilisha. Kupuliza na kompresa inaruhusiwa, upepo utoke ndani kwenda nje na uwe wa mbali, sio kuichoma na mdomo wa bomba hadi karatasi itoboke, na usiioshe na petroli jamani. Kama unaishi barabara ya vumbi ikague kila mwezi. Filta ya AC ipo nyuma ya kidroo cha abiria, ukiitoa ya gari iliyotoka Japani jiandae kukuta majani.

Siku ya kubadilisha, washa gari dakika tano ipate moto kidogo, sehemu tambarare, uzime. Drain plagi (boliti ya chini ya kumwagia oili) ni spana ya 14, na washa yake, ile pete nyembamba ya kuzuia kuvuja, badilisha, ni kitu cha bei ya maandazi lakini ndio inayovujisha. Ukitoa filta hakikisha raba ya zamani imetoka nayo, ikibaki ukafunga mpya juu yake oili yote itakuwa barabarani kabla hujafika Ubungo. Paka oili kidogo kwenye raba ya filta mpya, kaza kwa mkono hadi iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, imetosha, fundi asining'inie na mnyororo. 1NZ inameza kama lita 3.7, kwa hiyo galoni ya lita 4 usiimwage yote, na fundi anayesema "malizia tu bosi" mkatalie, oili ikizidi inatoa povu. Weka 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, kisha ongeza kidogo kidogo hadi karibu na F.

Japani kwa matumizi ya kawaida Toyota wanasema kilometa 15,000 au mwaka, na matumizi magumu ni 7,500 au miezi sita. Sasa foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni utaiita matumizi gani? Mimi nabadilisha kila 5,000 na filta kila mara, ile ya kwanza baada ya kutoka bandarini nikaibadilisha 2,000 tu kwa sababu iliyotoka ilikuwa nyeusi tii.

Galoni tupu toboa kwa kisu na mfuniko kata, usimwachie mtu, ndizo zinazojazwa upya. Oili chafu mwachie fundi, wanaonunua kupaka mbao wapo, usimwage mtaroni. Usiku tandika boksi la katoni chini ya injini, asubuhi ukikuta tone anza na ile washa.