Andika jinsi mfumo wako utakavyofeli kabla hujaandika kodi ya programu

Wengi tukianza kujenga mfumo tunachora vizuri sana vile utafanya kazi, mtumiaji anaingia, analipa, anapata risiti, basi. Vile utakavyofeli hakuna anayechora, hiyo kazi inakuja kufanywa usiku mfumo ushalala na simu zinaita. Kuna njia inaitwa FMEA (Failure Mode and Effects Analysis, yaani kuchambua kila namna ya kufeli na madhara yake), jeshi la Marekani walishaiandikia utaratibu tangu 1949, na kwa programu inafaa kabisa, unahitaji spredishiti tu na watu wanaoujua mfumo.

Chukua mchoro wako ukate vipande: seva, databesi, foleni ya ujumbe (pale ujumbe unaposubiri zamu ya kushughulikiwa), huduma za nje unazozitegemea. Kwa kila kipande usiulize kama kinaweza kufeli maana jibu ni ndiyo siku zote, uliza kinafeli VIPI. Databesi inaweza isijibu kabisa, ijibu polepole, au irudishe data ya zamani, hiyo ni mistari mitatu tofauti kwenye spredishiti. Ya polepole usiidharau hata kidogo, mara nyingi ni mbaya kuliko kuzima, sababu kila rikwesti inakaa inasubiri mpaka na seva ambazo hazikuwa na shida zinajaa. Ndo maana taimauti (muda wa mwisho wa kusubiri jibu) inapangwa kwenye dizaini, sio baadaye.

Sasa kila mstari upe maksi tatu, 1 mpaka 10: madhara yake, inatokea mara ngapi, na ni vigumu kiasi gani kuigundua (10 maana yake hutaiona mpaka mteja akwambie). Mfano mtu amebonyeza lipa, netiweki ikakatika kabla jibu halijarudi, akabonyeza tena, akakatwa hela mara mbili. Madhara 8, kutokea 6, kugundua 7, zidisha unapata 336. Dawa yake ni kila muamala uzaliwe na namba yake ya kipekee kwenye simu ya mtumiaji, seva ikiiona namba ileile mara ya pili inarudisha jibu la kwanza, haikati tena. Ukilijua hili kwenye mchoro ni kazi ndogo, ukilijua baada ya mfumo kuingia kazini unaanza kurudishia watu hela mmoja mmoja.

Ila hiyo hesabu ya kuzidisha isikutawale. Kitu cha madhara 10, kutokea 2, kugundua 3 kinapata 60, na kero ya 4 kwa 5 kwa 5 inapata 100, sasa ukipanga kwa hiyo namba tu unahangaika na kero huku kinachoweza kuua mtu kipo chini kule. Mimi nasema anza na vyote vyenye madhara 9 na 10, namba ya kuzidisha baadaye.

Halafu bakapu. Watu wanaandika "tuna seva ya pili" wanafunga mstari. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani ndani ya sekunde kama 40 hivi, kodi ilitoka Ariane 4, namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16 ikagoma kuenea. Kompyuta ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa na programu ileile kwa hiyo nayo ikafeli vilevile. Kwa hiyo kwa kila bakapu uliza, kilichoua cha kwanza kitaiua na hii?

Jedwali lisibaki kwenye hatua ya dizaini. Kwenye hatua ya kuandika mahitaji ya mfumo jaza madhara tu, kwenye dizaini jaza yote, kwenye kodi kila mstari mzito uwe testi, na kila tatizo likitokea mfumo ukiwa kazini ongeza mstari mpya wiki hiyohiyo. Kila mstari uwe na jina la mtu mmoja, sio "timu", na usifungwe mpaka huyo mtu amezima hicho kipande kwa makusudi kwenye mazingira ya majaribio na wenzake wameona alamu imelia.