Kuficha kasha la jiokeshingi lisiharibike

Jiokeshingi ni mchezo wa kuficha kasha na kuwapa wengine majiranukta (namba za latitudo na longitudo za mahali) ili walitafute kwa simu. Adui mkubwa wa kasha ni maji. Chagua chombo cha plastiki chenye mpira kwenye mfuniko na vibano pande zote nne, au sanduku la chuma la kijeshi la risasi. Lijaribu: weka karatasi ya chooni ndani, lizamishe kwenye ndoo usiku kucha. Karatasi ikilowa hata kidogo, tafuta jingine. Vikopo vya filamu za kamera vinapendwa kwa udogo wake, lakini huvuja.

Ndani tia daftari la wanaolipata kuandika majina yao, katika mfuko wa plastiki unaojifunga, pamoja na penseli. Wino huganda kwenye baridi. Chakula na vitu vya kunukia usiweke kabisa, wanyama watalitafuna kasha.

Kipimo cha mahali ndicho kinachowaponza wengi. Penye uwazi, simu hukosea mita 3 hadi 5; chini ya miti minene au kando ya maghorofa hukosea zaidi. Acha simu itulie, andika majiranukta, ondoka hatua 30, kisha rudi kutoka upande mwingine upime tena. Fanya hivyo mara 4 uchukue wastani. Andika kwa digrii na dakika zenye desimali tatu. Ukichanganya mifumo ya kuandika majiranukta, watu watatafuta kilomita nyingi kutoka hapo.

Omba ruhusa ya mwenye ardhi, usichimbe, na acha walau mita 161 hadi kasha jingine lililo karibu. Nje andika wazi kwamba ni kasha la mchezo, polisi wasije wakadhani ni bomu.