Namna ya Kukokotoa Maswali ya Kasi ya Kazi katika Mtihani wa GMAT

Sehemu ya hesabu ya mtihani wa GMAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya biashara kuchagua wanafunzi wa uzamili, kwa mpangilio ulioanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2023, ina maswali 21 yanayopaswa kujibiwa ndani ya dakika 45, na mtahiniwa haruhusiwi kutumia kikokotoo katika sehemu hiyo. Kila swali, kwa hiyo, lina dakika mbili na sekunde chache tu. Anayekutana na swali la pampu mbili zinazojaza tangi moja anaweza kulimaliza ndani ya muda huo bila haraka, mradi asianze kwa kujumlisha kitu kisichojumlishika, yaani muda.

Tuseme pampu ya kwanza hujaza tangi kwa saa 6 na ya pili hulijaza kwa saa 4. Zikifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani? Mtahiniwa mwenye wasiwasi huandika 10, au hutafuta wastani na kupata 5, ilhali pampu ya pili ikiwa peke yake ingemaliza kwa saa 4. Kinachojumlishwa ni kasi, yaani kiasi cha kazi kinachofanyika katika saa moja. Vitabu vingi hufundisha kuandika kasi hizo kama 1/6 na 1/4, kuzijumlisha kupata 5/12, kisha kugeuza jibu kuwa 12/5. Njia hiyo ni sahihi, lakini humlazimu mtu kushughulika na sehemu zenye asili tofauti, na mkono ulio na haraka hukosea hapo.

Mimi hupendelea kulipa tangi ujazo wangu mwenyewe. Swali halikutaja ujazo, hivyo tuna uhuru wa kuchagua namba yoyote, na iliyo rahisi kuliko zote ni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha nyakati zilizotolewa, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila mojawapo bila baki. KDS ya 6 na 4 ni 12. Basi chukulia kwamba tangi linabeba ndoo 12. Pampu ya kwanza inaleta ndoo 2 kwa saa na ya pili ndoo 3, kwa pamoja ndoo 5, na ndoo 12 zikigawanywa kwa 5 tunapata saa 2.4. Hapa kuna mtego mdogo: saa 2.4 ni saa 2 na dakika 24, kwa kuwa 0.4 ya dakika 60 ni 24. Majibu ya kuchagua yakiwa yameandikwa kwa saa na dakika, usishangae kukuta saa 2 na dakika 40 imewekwa kukusubiri.

Wapo wanaokariri kanuni ya kuzidisha nyakati mbili na kugawanya kwa jumla yake. Inafanya kazi, ila ikiongezwa pampu ya tatu haitumiki tena kwa umbo lile lile, na mtu hubaki akijiuliza azidishe nini. Ndoo hazina tatizo hilo: pampu ya tatu ni ndoo nyingine tu katika jumla. Tangi likiwa na tundu linalovuja, ndoo zinazotoka hutolewa. Bomba linalojaza kwa saa 4 pamoja na tundu linalomaliza maji ya tangi zima kwa saa 6 hubakiza ndoo 3 kutoa 2, yaani ndoo moja kwa saa, na tangi hujaa kwa saa 12.

Faida ya njia hii huonekana zaidi pale ambapo mmoja anaacha kazi katikati. Mashine moja humaliza oda ya kuchapa kwa saa 10, nyingine kwa saa 15. Zinaanza pamoja, na baada ya saa 4 ile ya kwanza inaharibika. KDS ni 30, basi oda iwe ya maboksi 30: mashine ya kwanza hutoa maboksi 3 kwa saa, ya pili 2. Katika saa 4 za pamoja maboksi 20 yamekwisha. Yaliyobaki 10 yatatolewa na mashine ya pili kwa saa 5. Kabla ya kuchagua jibu, rudi usome sentensi ya mwisho ya swali, kwa sababu 5 ni muda wa kumalizia na 9 ni muda wote tangu mwanzo, na mara nyingi namba zote mbili zimo katika orodha.

Wafanyakazi wanapokuwa na kasi sawa, zidisha idadi yao kwa muda. Vibarua 6 wanaopalilia shamba kwa siku 8 wametumia siku 48 za kibarua mmoja. Shamba hilo likitakiwa limalizike kwa siku 3, wanahitajika vibarua 16, yaani 10 wa nyongeza. Neno «nyongeza» ndilo linaloponza wengi.

Swali likisema mashine moja huchukua saa 5 zaidi ya nyingine, na kwa pamoja humaliza kwa saa 6, usikimbilie mlinganyo wa kipeo cha pili. Jaribu majibu yaliyotolewa, huku ukikumbuka kwamba muda wa pamoja wa mashine mbili huwa kati ya nusu ya muda wa ile ya haraka na nusu ya muda wa ile ya polepole. Ile ya haraka, basi, huchukua zaidi ya saa 6 na pungufu ya 12. Jaribu 10: nyingine itakuwa 15, maboksi 30 kwa kasi ya 5, saa 6. Limeisha.

Tahadhari moja inatuhusu sisi tuliozoea kuhesabu saa kuanzia macheo. Mtihani huu ni wa Kiingereza, na swali likisema kazi ilianza saa 9:00 asubuhi kwa saa yao, usiibadilishe kuwa saa tatu kichwani. Ongeza muda juu ya namba iliyoandikwa, kwani majibu nayo yameandikwa kwa saa hiyo hiyo.