Somo: Jinsi ya kulinganisha mifumo ya kuwasha injini za magari ya kwanza

Tutalinganisha njia tatu za kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda: bomba la moto la Daimler, betri na koili (waya uliozungushwa ili kuongeza volti) ya Benz, na magneto (kijenereta cha sumaku) ya Bosch.

Hatua ya 1. Anza na vifaa vya rika moja. Injini ya Daimler ya 1885 na ile ya gari la Benz, lililoombewa hataza tarehe 29 Januari 1886, zote ni za silinda moja na zote ni za Ujerumani. Magneto ya Gottlob Honold, mhandisi wa Bosch, ya mwaka 1902, iwekwe mwisho, kwa sababu iliundwa ili kuondoa kasoro zilizokwisha kujulikana.

Hatua ya 2. Eleza utendaji kabla ya kusifu au kulaumu. Kwa Daimler, kijibomba kilichozibwa upande mmoja hutokeza nje ya silinda na kupashwa kwa mwali wa taa mpaka kiwe chekundu. Pistoni inapopanda, husukuma mchanganyiko ndani yake hadi ufike penye joto kali na kushika moto. Hakuna waya wala betri, lakini dereva hawezi kuwahisha au kuchelewesha moto huo akiwa njiani, na mwali ulio wazi karibu na petroli ni hatari kubwa. Benz alitumia cheche ya plagi, ila betri yake iliisha na gari halikuwa na dainamo ya kuichaji. Magneto huzalisha umeme wake kwa mzunguko wa injini yenyewe.

Hatua ya 3. Soma takwimu kwa tahadhari. Injini ya Daimler ilizunguka takriban mara 600 kwa dakika, ya Benz mara 400. Usiharakishe kusema kwamba bomba liliushinda umeme: ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimita 264 za ujazo, ya pili 954, na pistoni ndogo huenda kasi kwa urahisi zaidi. Wengi hukosea hapa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kama bomba lilikuwa hatari, mbona Panhard et Levassor, watengenezaji wa magari wa Ufaransa, waliendelea nalo miaka ya 1890?
Jibu: Ndugu, vifaa vya umeme vya wakati ule vilikuwa dhaifu. Waya ukilowa au betri ikichoka, gari lilisimama. Taa ya kupasha bomba iliweza kuwashwa tena kwa kiberiti.

Swali: Magneto ya Bosch iliyofungwa kwenye baiskeli ya injini ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton mwaka 1897 ilitofautianaje na ya Honold?
Jibu: Ile ilitoa umeme wa volti ndogo, na cheche ilipatikana vipande viwili vilipoachana ndani ya silinda, vikisukumwa na vyuma vinavyolika. Honold alipeleka volti kubwa moja kwa moja kwenye plagi, ambayo haina kipande kinachocheza.

Swali: Ford Model T ya 1908 niiweke kundi gani?
Jibu: Iandike katika makundi mawili. Sumaku zake zimefungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini), lakini umeme wake hupitia koili nne, moja kwa kila silinda.