Somo: Kuanza dawa ya arosto kwa simu

Ndugu zangu, naandika kutoka Ohio, ninakofanya kazi ya ukalimani. Zamani, kwa sheria ya 2008, daktari wa Marekani hakuweza kukuanzishia buprenofini, dawa ya arosto (mateso ya mwili unapokosa unga), bila kukuona ana kwa ana. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ililegeza: video inatosha, hata simu ya kawaida. Methadoni, dawa nyingine ya arosto, ni tofauti, wakati ule kuianza ilikuwa lazima ufike kliniki, ila aliyetulia kwenye matibabu anaweza kuruhusiwa dozi za hadi siku 28 nyumbani.

Hatua ya 1. Tafuta pa kuongelea. Gari lililoegeshwa ni bora kuliko sebule yenye watu sita. Utaulizwa unatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, na shemeji akiwa nyuma ya pazia hutasema kweli. Pombe na vidonge vya usingizi pia vitaje, vikichanganyika na dawa hii vinaweza kukata pumzi.

Hatua ya 2. Chukua dawa famasia, lakini usiiguse bado. Hapa ndipo wengi wanaumia. Ukiiweka dawa hii wakati unga bado uko mwilini, inausukuma wote kwa mkupuo na arosto inakuangukia yote mara moja. Kwa heroini kawaida husubiriwa saa 12 hadi 24. Kwa fentanili, unga wa maabara wenye nguvu kuliko heroini, mara nyingi husubiriwa muda mrefu zaidi, maana hujificha kwenye mafuta ya mwili. Usihesabu saa tu, angalia mwili. Kijana mmoja niliyemkalimania alikuwa anapiga miayo mfululizo, kamasi zinachuruzika, vinyweleo vimesimama. Daktari akamwambia asogeze jicho kwenye kamera. Mboni imetanuka. "Sasa weka."

Hatua ya 3. Lowesha mdomo, weka chini ya ulimi, nyamaza mpaka iyeyuke, kama dakika 5 hadi 10. Ukiimeza haikusaidii. Simu usikate.

Hatua ya 4. Weka naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi, nyumbani, na mwenzako ajue ilipo. Aliyezidisha dozi akiwa peke yake hana wa kumpulizia puani.

MASWALI

Shikamoo dada. Simu yangu ni ya batani, nitapokelewa?
Marahaba mdogo wangu. Ruhusa ya sauti tupu ipo. Si kila kliniki inaitumia, kwa hiyo uliza kwanza unapopiga.

Mume wangu anasema hii ni kuacha unga kwa unga mwingine. Nimwachishe mwanangu?
Hapana, mama, nakuomba. Unga ulimtoa nje kila baada ya saa chache. Hii inamshika siku nzima, anakula, anakwenda kazini. Akikatishwa ghafla kisha akarudia kipimo chake cha zamani, mwili umeshakisahau, na hapo ndipo tunapozika.

Kaka yangu yuko Dar. Naye apige simu?
Dar dawa yao ni methadoni, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na mtu huinywa mbele ya mhudumu. Akafike mwenyewe.