Kuuza vitabu Amazon ukiwa Lubumbashi: pesa kwanza, jalada baadaye

Wachapishaji wadogo wengi huanza na jalada, kwa kuwa ndilo linalopendeza macho. Anza na njia ya pesa. Kitabu kinaweza kununuliwa Brussels na Montréal mwaka mzima, na mapato yakabaki yamekwama kwenye akaunti kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema yatafikaje Lubumbashi.

Mlango wa Amazon kwa wachapishaji wadogo ni Kindle Direct Publishing, au KDP. Kujiandikisha ni bure, wala hupeleki shehena ya vitabu popote: mteja akinunua, nakala yake huchapwa na kutumwa kwake. Amazon haina duka la Kongo, kwa hiyo soko lako huko si msomaji wa Katuba wala Kamalondo. Ni ndugu walioko Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Wasomaji wa hapa mjini waendelee kuhudumiwa na imprimeri (kiwanda cha uchapaji) ya hapa.

Unapojaza fomu ya akaunti, angalia vizuri usichague Kongo ya Brazzaville. Zote mbili zimo kwenye orodha. Jina liwe lilelile lililo kwenye kitambulisho, au kwenye RCCM (hati ya usajili wa biashara) kama unajiandikisha kama kampuni, na akaunti ya benki ifuate jina hilo. Ukurasa wa malipo ndio utakaokuonyesha njia zinazokubaliwa kwa benki ya nchi uliyotaja. Pasipokuwa na njia ya kuingiziwa pesa moja kwa moja, hubaki hawala ya benki au hundi, na hizo husubiri hadi ufikishe dola 100. Tena kiwango hicho huhesabiwa kwa kila duka peke yake: euro 100 kwa duka la Ufaransa, dola 100 kwa la Marekani. Nakala chache huku na chache kule zinaweza kukaa muda mrefu bila kulipwa. Kabla ya kuchagua hundi, nenda benki yako uulize kama wanapokea hundi ya dola kutoka nje, inachukua muda gani na wanakata kiasi gani. Wakisitasita kujibu, achana na hundi.

Halafu kuna kodi. Mtu binafsi hujaza fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN, kampuni W-8BEN-E. Maswali yako ndani ya akaunti yenyewe. Marekani na Kongo hazina mkataba wa kodi, kwa hiyo mapato ya mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla hayajakufikia. Hiyo iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Chukua kitabu cha kurasa 200, wino mweusi. Kwenye duka la Marekani, gharama ya kuchapa kitabu cha jalada laini chenye kurasa 110 au zaidi ni dola 1.00 pamoja na senti 1.2 kwa kila ukurasa, yaani dola 3.40 hapa. Tangu Juni 2025, kitabu cha bei iliyo chini ya dola 9.99 hukupa asilimia 50 ya bei, kuanzia 9.99 hukupa asilimia 60. Gharama ya kuchapa hutolewa kwenye fungu lako. Ukiuza kwa dola 8, fungu lako ni 4.00, ukitoa 3.40 zinabaki senti 60; kodi ikipita, senti 42. Ukiuza kwa 12, fungu ni 7.20, baada ya kuchapa 3.80, baada ya kodi 2.66. Hofu ya kwamba bei ikipanda wateja watakimbia ndiyo inayowafanya wengi wamfanyie kazi mwenye mtambo. Kwa Ufaransa kumbuka kwamba bei anayoiona msomaji ina TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 5.5 ndani yake, na fungu lako huhesabiwa baada ya kuitoa.

Lugha ina mtego wake. Kifaransa kimo kwenye orodha ya lugha za KDP, Kiswahili hakimo. Usijaribu kupitisha kitabu cha Kiswahili kwa kuandika kwamba ni cha Kiingereza: kikigunduliwa kinaondolewa, na akaunti yenyewe inaweza kufungwa. Vitabu vya Kiswahili vipitishe kwa IngramSpark, ambao nao huchapa kwa oda na kuviorodhesha kwa wauzaji, Amazon ikiwemo. Huko utahitaji ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) yako mwenyewe, na sehemu ya bei itakwenda kwa muuzaji kama punguzo.

KDP hutoa ISBN ya bure, ila haitumiki nje ya KDP na jina la nyumba yako ya uchapishaji halionekani. Ukileta yako, jina la mchapishaji uliloandikisha lifanane herufi kwa herufi na utakaloandika kwenye fomu. Kila umbo la kitabu huhitaji namba yake. Toleo la Kindle, yaani la kielektroniki, linaweza kwenda bila ISBN.

Sasa jalada. Ni faili moja ya PDF: nyuma, mgongo na mbele. Mgongo hupimwa kwa idadi ya kurasa: milimita 0.0635 kwa kila ukurasa wa karatasi ya krimu, 0.0572 kwa nyeupe. Kurasa 200 za krimu hutoa mgongo wa milimita 12.7. Kitabu kikiwa na ukubwa wa milimita 152.4 kwa 228.6, ongeza 3.2 kila ukingo kwa ajili ya kukatwa: upana wote ni kama milimita 323.9, urefu 235. Ukibadili karatasi kuwa nyeupe, mgongo unapungua zaidi ya milimita moja, na jalada la zamani litakataliwa au maandishi yatahamia pembeni. Usiweke maandishi mgongoni mpaka kurasa zizidi 79. Kwenye kona ya chini kulia ya jalada la nyuma acha nafasi ya milimita 51 kwa 31 kwa ajili ya msimbo wa mistari (barcode).

Kwa kurasa za ndani, pambizo ya upande wa mshono iwe angalau milimita 12.7 kwa kurasa 151 hadi 300, nyingine angalau 6.4. Picha ziwe DPI 300 (nukta 300 kwa inchi), fonti ziwe ndani ya PDF. Kosa la kawaida kabisa ni mpangilio uliokuwa wa imprimeri ya mjini kupakiwa bila kurekebishwa pambizo.

Maneno ya kutafutia ni visanduku saba. Jaza vyote kwa maneno ambayo msomaji angeyaandika.

Kabla ya kutangaza, agiza nakala ya majaribio. Ni nafuu zaidi kuituma kwa mtu aliye Ubelgiji au Ufaransa akupigie picha ya mgongo, na ya kurasa za katikati kitabu kikiwa wazi, aone kama herufi zimezama kwenye mshono. Fanya hivyo bila haraka, kwani kitabu kikishatoka huwezi tena kubadili jina lake, mwandishi, ISBN wala ukubwa. Yaliyomo na bei hubadilika wakati wowote. Mauzo ya Januari, kama kiwango kimefikiwa, hulipwa karibu na mwisho wa Machi.