Kuishi na maumivu ya mgongo yasiyo na jina: mwongozo kwa mkazi wa Tanga

Anayeumwa kiuno kwa muda mrefu hapa Tanga hupewa majina mengi ya ugonjwa kabla hajapata hata kipimo kimoja. Duka la dawa litamwambia ni UTI, jirani atasema ni ngiri, wazee wa barazani watataja figo, na akiwa mwanamke ataambiwa ni chango. Kila jina lina dawa yake na kila dawa ina bei yake, na maumivu yanabaki palepale. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye maumivu yake yamepita miezi 3, muda ambao wataalamu huanza kuyaita sugu, na ambaye amekwisha kwenda hospitali akaambiwa kwamba hakuna kilichoonekana.

Jibu hilo humkata mgonjwa moyo, kwa sababu huhisi kwamba anashukiwa kudeka. Ukweli ni kwamba kwa watu wengi wanaoumwa sehemu ya chini ya mgongo, takriban 9 kati ya 10, hakuna pingili, diski (mto laini ulio kati ya pingili) wala neva (mshipa wa fahamu) moja inayoweza kunyooshewa kidole kwa uhakika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu haya. Maumivu ni ya kweli. Ila mfumo wa fahamu ukishazoea kuumizwa unaweza kuendelea kupeleka taarifa ya maumivu hata baada ya msuli uliojeruhiwa kupona. Kwa hiyo kazi ziko mbili: kwanza kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa wa hatari uliojificha, kisha kuanza tiba inayofaa hata kama jina halijapatikana. Wengi ninaowaona wamekwama, wamekwama kwa kungoja jina ndipo waanze kujitibu.

Dalili zisizosubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku au mchana, ikiwa mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, ikiwa choo kikubwa kinakuponyoka, ikiwa sehemu za siri na eneo lote linalogusa tandiko la baiskeli limekufa ganzi, au ikiwa miguu inazidi kulegea. Hizo ni dalili kwamba kifungu cha neva za chini ya uti wa mgongo kimebanwa, na kuchelewa hata siku moja kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Zipo dalili nyingine ambazo hazidai mbio hizo lakini zinadai vipimo bila kuahirisha: homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito bila sababu, maumivu yasiyotulia hata ukilala, kuanguka kutoka mnazini au kwenye bodaboda, kuwahi kuugua saratani, kutumia prednisolone (dawa ya jamii ya steroidi) kwa muda mrefu, au maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50. Hapa kwetu ningeweka mbele kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huu hula pingili polepole, na mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja, ndiyo maana mtu hutibiwa UTI mwezi baada ya mwezi hadi kibiongo kinapoanza kuchomoza. Unatibika, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma, ingawa tiba ya mgongo huchukua muda mrefu kuliko ile ya mapafu, ambayo kwa kawaida ni miezi 6. Mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi aseme hivyo kwa daktari, kwa kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nao hupenda kukaa mgongoni na kwenye nyonga. Mwanamume mtu mzima aulizie uchunguzi wa tezi dume, na mwanamke ambaye maumivu yake hupanda na kushuka pamoja na hedhi aangaliwe kizazi.

Kundi moja husahaulika mno, nalo ni la vijana. Mtu ambaye maumivu yake yalianza kabla ya miaka 45, anayeamka na mgongo uliokakamaa kwa zaidi ya nusu saa, anayepata nafuu akitembea na kuzidiwa akipumzika, huenda ana uvimbe wa maungio ya uti wa mgongo unaosababishwa na kinga ya mwili yenyewe. Huo una tiba yake maalumu, na haupaswi kuitwa uchovu wa kazi.

Karatasi moja ya kumpelekea daktari

Foleni za kliniki ni ndefu na dakika za daktari ni chache. Mgonjwa anayesema “mgongo unaniua, usiku silali” amesema kweli, lakini hajampa daktari pa kushika. Andika ukurasa mmoja ukiwa nyumbani, kwa mfano hivi:

“Kiuno, upande wa kulia, tangu Machi mwaka jana, baada ya kupakua magunia. Huchoma kama moto na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Kidole gumba cha mguu kina ganzi. Huzidi nikikaa kwenye daladala na nikiinama. Hupungua nikitembea au nikilala ubavu. Sina homa, sijakonda, haja zote ni za kawaida. Nimetumia sindano na vidonge vya diclofenac, nafuu ya siku mbili. Dawa za UTI mara tatu, hakuna nafuu. Kuchuliwa, nafuu ya jioni moja. Siwezi tena kuendesha baiskeli, kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, wala kumbeba mtoto.”

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayotumika baadaye kupima kama tiba inafanya kazi: maumivu hupanda na kushuka kila siku, lakini kurudi kwenye baiskeli kunaonekana na kila mtu. Orodhesha pia mitishamba yote uliyotumia bila kuona haya. Katika nchi nyingi zimewahi kukutwa dawa za asili zilizochanganywa kwa siri na steroidi au dawa za kutuliza maumivu, na daktari asipojua hilo anaweza kukuongezea kitu kilekile.

Ukishasikilizwa, uliza maswali mawili kwa adabu. La kwanza ni hili: “Daktari, ni magonjwa gani ya hatari tumekwisha kuyaondoa, na kwa kipimo gani?” La pili ni hili: “Kipimo hiki kikitoka na majibu mabaya au mazuri, matibabu yangu yatabadilika vipi?” Kipimo ambacho majibu yake hayatabadilisha lolote kinaweza kusubiri, na fedha yake ikalipia nauli ya kwenda mazoezini.

Vipimo na picha

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi diski wala neva, na kifua kikuu hujitokeza humo kikiwa kimekwisha kula sehemu kubwa ya pingili. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, lakini kuona zaidi kuna mtego wake. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, ukakuta dalili za diski kuchakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maneno “diski imechakaa” kwenye ripoti yako, kwa hiyo, yanaweza kuwa kama mvi: yapo, na hayaumi. Picha huwa na uzito pale inapokubaliana na dalili, yaani neva inayobanwa kwenye picha iwe ndiyo ileile inayopeleka ganzi kwenye kidole kile.

Kabla ya MRI huwa ni busara kufanya vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini. Anayeambiwa ana UTI kwa mara nyingine aombe mkojo uoteshwe maabara kabla ya kumeza dozi mpya.

Dawa, sindano na mikono ya watu

Dawa za jamii ya ibuprofen na diclofenac husaidia wakati maumivu yamechachamaa, lakini si chakula cha kila siku: huchimba vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa maji. Katika mwezi wa Ramadhani zisimezwe juu ya tumbo tupu wakati wa kufuturu. Zisubiri chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, kisukari au presha amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Sindano ya dukani haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge cha dawa hiyohiyo. Inauma zaidi na inalipiwa zaidi, na nadhani hapo ndipo sifa yake ilipotoka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kuchuliwa, na msaada wa kisaikolojia. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni kama tramadol kuwa tiba ya kawaida. Mchuaji mwenye mkono laini hana ubaya, ilimradi dalili za hatari zimekwisha kuondolewa na asithubutu kukanyaga wala kuvunja mgongo. Anayeumikwa chuku ahakikishe kwamba wembe ni mpya na umefunguliwa mbele ya macho yake.

Kurudisha mwendo

Hapa ndipo tiba yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoshikilia mgongo na kumfanya mtu aogope kila mkao. Anza na kutembea. Tafuta umbali unaouweza hata siku mbaya, tuseme dakika 10 katika barabara zilizonyooka za Ngamiani kabla ya jua kali, au jioni upande wa Raskazone kwenye upepo wa bahari, kisha utembee umbali huohuo kila siku kwa wiki nzima kabla ya kuongeza dakika 2 au 3. Siku mbaya ipunguze, usiifute. Siku njema ndizo zinazoponza: mtu hujisikia mzima, akafua nguo za nyumba nzima asubuhi moja, na kesho yake haamki.

Ongeza mazoezi mepesi juu ya mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno polepole, hesabu hadi 5, shusha. Rudia mara 8 hadi 10. Kisha piga magoti na mikono chini, binua mgongo juu, uulegeze chini, bila kulazimisha. Maumivu yakiongezeka kidogo na kutulia kabla ya asubuhi ya pili, endelea. Yakishuka mguuni au yakileta ganzi mpya, simama umwone mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye hupatikana katika hospitali kubwa. Usihukumu mazoezi kabla ya wiki 6, na mengine hudai 12.

Nyumbani, chunguza kile unachokirudia zaidi. Mbuzi ya nazi ni mfano mzuri: mkunaji hukaa karibu na ardhi, magoti yamepanda, kiuno kimepinda mbele, na mkono mmoja unasukuma kwa nguvu kwa robo saa. Iinue mbuzi juu ya benchi imara, kuna nazi moja kisha nyoosha mgongo kabla ya nyingine, au mwachie kijana wa nyumbani. Maji yabebwe katika ndoo mbili zilizojaa nusu, moja kila mkono. Beseni la kufulia likae juu ya meza. Kuhusu kulala, ushauri wa kulala sakafuni hauna msingi mkubwa. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba godoro lenye ugumu wa wastani liliwafaa wagonjwa kuliko lile gumu sana. Kwa wanaoswali, rukuu na sijida zifanywe kwa kadiri mgongo unavyoruhusu, na hadithi ya Imran bin Husain inajulikana: asiyeweza kusimama huswali amekaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu.

Usingizi mbovu na mawazo huongeza maumivu, nayo maumivu huongeza mawazo. Ukiona umepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki kadhaa, mwambie daktari waziwazi, kwa sababu sonona inatibiwa pamoja na mgongo wala haifuti ukweli wa maumivu.

Rufaa na kazi

Njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapita hospitali ya wilaya, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na kutoka hapo rufaa inaweza kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Beba barua ya rufaa, picha zenyewe na si ripoti peke yake, na majibu yote ya damu. Ukishauriwa kufanyiwa upasuaji, omba maoni ya daktari wa pili, isipokuwa katika ile hali ya dharura. Upasuaji humfaa zaidi mtu ambaye neva yake imebanwa na mguu wake unathibitisha hivyo, na manufaa yake ni madogo kwa maumivu ya kiuno peke yake.

Mfanyakazi wa bandari, kiwanda cha saruji au shamba la mkonge aliyeumia kazini amtaarifu mwajiri kwa maandishi mapema, kwa kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na aombe kupangiwa kazi nyepesi kwa muda badala ya likizo ndefu ya kulala. Mvuvi, mama lishe na dereva wa bodaboda asiye na ajira rasmi aulizie bima kabla ya kufikia hatua ya rufaa, na atenge mapema fedha ya nauli na malazi ya kungoja tarehe ya kliniki, kwa sababu hiyo ndiyo gharama inayowarudisha watu njiani.